Mvua Ndani ya Kanda

Ambwene alifariki Jumanne saa nne asubuhi, mvua ikiwa imenyesha siku tisa bila kukatika. Ilikuwa Aprili ya mwaka 1995. Felista, mkewe, alikuwa jikoni akikoroga uji. Aliporudi chumbani na bakuli alimkuta ameugeukia ukuta, akadhani amelala. Akaketi ukingoni mwa kitanda kusubiri uji upoe, usije ukamwunguza. Uji ulipoa, ukashika utando, ndipo akamgusa bega.

Barabara ya Ndandalo, kijiji chao wilayani Kyela, ilikuwa imekatwa na maji sehemu mbili, na mashamba ya mpunga yalikuwa ziwa tupu. Baba yake Ambwene, Mzee Nsajigwa, aliishi Ngana, na habari ilimfikia kesho yake. Alipakiwa kwenye baiskeli, akashushwa, akavushwa kwa mtumbwi katikati ya mashamba ya watu, akapakiwa tena. Alifika Alhamisi jioni akakuta kaburi limefunikwa tangu asubuhi. Alisimama penye udongo mbichi ameshika kofia. Waliomsemesha aliwaitikia kwa kichwa tu, maana ulikuwa mwaka wa saba tangu masikio yake yaanze kufa, na hakujua wanasema nini.

Felista hakuwa kaburini mkwewe alipofika. Wanawake walimwahi barazani, wakampeleka nyuma ya nyumba kwenye migomba. Kwa desturi ya Wanyakyusa walioishika, mkamwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso, na mkamwana hatamki jina la mkwewe wala jina linalokaribiana nalo. Felista aliishika desturi hiyo tangu siku aliyoolewa. Binti yake wa pekee aliitwa Tusajigwe, jina lililotoka shina moja na la babu yake, kwa hiyo hakuwahi hata mara moja kumwita mwanawe kwa jina. Alimwita "Mama". Basi siku ile mjane alilia nyuma, matone yakimdondokea kutoka kwenye majani ya migomba, na baba wa marehemu akalia mbele, na nyumba ikawa katikati yao kama ilivyokuwa siku zote. Aliyezoea kuizunguka nyumba hiyo, kuchukua neno huku na kulipeleka kule, ndiye waliyekuwa wakimlilia.

Matanga yalipoisha, mwanzoni mwa Juni, Hezroni alizungumza. Alikuwa kaka mkubwa wa marehemu, aliishi ua mmoja na Mzee, na kwa miaka yote ya uziwi ndiye aliyekuwa sikio lake. Alisema shamba la kakao la Ndandalo litarudi kwa ukoo, kwa kuwa marehemu hakuacha mtoto wa kiume. Mjane achague, arithiwe au arudi kwao Ipinda. Na kuhusu huyo binti, aliyekuwa ameanza kidato cha kwanza Januari katika shule ya bweni huko Rungwe, elimu aliyoipata ingetosha.

Alisema kwa upole, kama mtu anayetangaza ratiba ya ibada. Kisha akainama kwenye sikio la baba yake, akasema maneno machache ambayo hakuna mwingine aliyeyasikia, na Mzee akatikisa kichwa kukubali.

"Mmeona," Hezroni akasema. "Baba ameridhika."

Felista aliyasikia hayo akiwa nyuma ya nyumba, mikono imejaa majivu ya kusugulia masufuria. Aliinuka, akanawa, akaingia chumbani kwa mlango wa jikoni. Akafungua sanduku la nguo, akatoa kanda iliyofungwa ndani ya kitenge.

Jumapili, siku mbili kabla ya kufa, Ambwene alikuwa ameomba redio kaseti iwekwe kitandani. Alijua baba yake hawezi kufika na yeye hawezi kwenda, na alijua mkewe hawezi kumpelekea Mzee neno lolote. Akachukua kanda ya kwaya, akaziba tundu zake za juu kwa vipande vya karatasi ili ikubali kurekodiwa, akamwongelea baba yake muda wa dakika ishirini na tatu. Felista alikaa naye kwa sehemu kubwa, akitoka kwenda kumwaga beseni lililokuwa likikinga maji mahali bati lilipovuja. Alimsikia mumewe akisema kwamba nyumba na kakao vibaki mikononi mwa Felista mpaka mtoto akue, kwamba asirithiwe ila kwa kutaka mwenyewe, na kwamba mtoto asitolewe shule kwa sababu yoyote itakayotajwa na mtu yeyote.

Alimpa binti yake ile kanda ampelekee Andongwisye, mzee wa kanisa aliyeongoza kikao.

Walileta spika ya kwaya kutoka kanisani, ndefu kama mtoto wa miaka sita, wakaiweka mbele ya kiti cha Mzee Nsajigwa. Waliokuwepo walifurahi kidogo, kama watu wanaofurahi kuona kitu kikubwa kikibebwa. Andongwisye akabonyeza.

Ilianza kwaya, mstari mmoja wa alto uliokatwa katikati. Kisha mvua. Ilikuwa mvua ya Kyela juu ya bati, ile inayowafanya watu ndani ya chumba kimoja waongee kwa ishara. Ndani yake kulikuwa na mtu. Aliongea kama mtoto wa Kinyakyusa anavyoongea na baba yake, kichwa kimeinama na sauti imeshushwa kifuani. Hata mauti yalipomsimamia Ambwene hakuweza kumpazia baba yake sauti. Heshima ile ndiyo iliyomzamisha.

"Ongeza," mtu akasema. Wakaongeza. Mvua ikaongezeka. Wakaongeza besi, kama ilivyokuwa desturi ya Kyela kwa kila redio, na spika ikaanza kutetemesha vikombe. Mmoja akasema amesikia "shamba". Mwingine akasema si shamba, ni "jamaa". Wakabishana. Mzee Nsajigwa aliinamisha sikio lake la kushoto mpaka karibu liguse spika, akafumba macho, akakaa hivyo muda mrefu, na watu wazima wakaanza kutazama pembeni. Mwishowe akajikunyata na kuziba masikio kwa viganja.

"Mnanipigia mvua," alisema. "Mvua naijua. Nilitaka mwanangu."

Hezroni akacheka, si kwa ubaya mkubwa. Akasema labda marehemu alitaka kuuachia ukoo urithi wa mvua, wagawane mabeseni. Wachache walicheka naye. Nyuma ya nyumba Felista alisikia kicheko kikimfikia kwa juu ya paa.

Andongwisye akasema jambo hilo halitaamuliwa kwa kubahatisha, kisha akaandika swali kwa herufi kubwa kwenye karatasi, akampa Mzee. Je, wewe mwenyewe unasemaje? Mzee aliisogeza karatasi mbali na macho ili aione. Kisha akasema kwa ile sauti ya juu ya mtu asiyejisikia:

"Tangu niwe kiziwi kila mtu ananitafsiria. Ninaambiwa kinachomfaa anayeniambia. Ni Ambwene tu aliyekuwa akija, anakaa kushoto kwangu, anasema taratibu mpaka namsikia mwenyewe. Kama ameacha neno, nitalifuata. Lakini nilisikie mimi. Nisiambiwe."

Wakapeana wiki tatu. Shule ingefunguliwa Julai mosi, na barua ya mkuu wa shule ilisema kitanda cha mwanafunzi asiyeripoti ndani ya wiki ya kwanza kingepewa mwingine.

Mansuri alikuwa na kibanda cha kurekodi kanda karibu na soko la Kyela. Alizaliwa hapo hapo mjini, ingawa wazazi wake walitoka Kilwa. Biashara ilipofunguliwa na vyombo vya Dubai vikaanza kufika hadi Kyela, alinunua deki mbili, amplifaya, na mashine moja bapa ya kupangia sauti ambayo mafundi waliiita ikwalaiza. Ilikuwa na vishikio kumi vilivyosimama mstari mmoja, kila kimoja kikipandisha au kushusha aina moja ya sauti, kuanzia ile nene ya ngoma hadi ile nyembamba ya mluzi. Wateja wake wote walitaka vishikio vitatu vya kushoto vipandishwe mpaka mwisho.

Felista alifika na debe la mchele kichwani. Mansuri alimsikiliza, akavaa visikilizio vya kichwani, akaicheza kanda mara tatu. Mteja aliyekuja kuchukua taarabu akaambiwa arudi kesho.

"Ya watu wa kawaida naweza kuisafisha," alisema mwishowe. "Siku mbili tatu. Nitashusha ngurumo ya bati huku kushoto, nitashusha na mchirizi huku kulia, mtu abaki katikati. Lakini huyo mzee, mama, siwezi kumshonea kiatu bila kuuona mguu."

"Ni kiziwi tu, kaka."

"Hakuna kiziwi tu." Akagusa sikio lake la kulia. "Mimi nimefanya kazi miaka sita kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Hili sikio nalo limeondoka, lakini halikuondoka lote. Mke wangu akiniita kutoka uani, najua kwamba naitwa ila sijui nimeitwa kwa wema au kwa ubaya. Sikio si redio, kwamba ukizungusha kitufe kila kitu kinapanda. Linabomoka upande mmoja. Nataka kujua la mzee limebomoka wapi."

Kisha akamwomba aandike anayoyakumbuka kwenye kanda, apate pa kuanzia. Felista aliandika mistari minne. Mansuri alipotaka kumvisha visikilizio ili athibitishe, alikataa. Ile ilikuwa barua, alisema, na mwenye barua alikuwa hajaifungua.

Debe la mchele Mansuri aliliangalia, akachota kibaba kimoja, akasema kilichobaki atakuja kukidai mzee akishasikia.

Andongwisye alimleta Mzee siku ya soko. Walipatana saa tano, wakafika saa nne. Felista, aliyekuja kueleza jinsi mumewe alivyokuwa akiongea na baba yake, alisikia kengele ya baiskeli na sauti ya Andongwisye mlangoni. Hakukuwa na mlango wa nyuma. Alipita chini ya pazia, akaingia kwenye kijichumba cha kuhifadhia makasha matupu, akasimama humo amejibana kama mzigo.

Kwa mara ya kwanza alimsikia baba mkwe wake kutoka umbali wa hatua tatu. Hakuwa amejua kwamba alikohoa kama Ambwene.

"Mugonile, tata," Mansuri alisalimu kwa Kinyakyusa chake cha sokoni, akimwita baba na kumsogelea sikio la kushoto.

"Eti Mswahili anasemaje?" Mzee akamuuliza Andongwisye.

Mansuri alimvisha visikilizio, akafungua redio mahali pasipo na stesheni, penye mchakacho mtupu, akashusha vishikio vyote isipokuwa kimoja. Andongwisye alimwonyesha Mzee kwa ishara kwamba ainue mkono akisikia. Kishikio cha kwanza, mkono ukapanda. Cha pili, cha tatu, cha nne, cha tano ukapanda upesi, naye akaanza kufurahi kama mwanafunzi anayejua majibu. Cha sita ulipanda taratibu. Cha saba Mansuri ilibidi aongeze sana ndipo kidole kimoja kikainuka. Cha nane, cha tisa na cha kumi, mkono ulikaa juu ya goti.

"Anza basi," Mzee akasema.

"Nimemaliza, mzee wangu." Mansuri aliandika kwenye karatasi, kisha akauliza kwa maandishi kama bado anawasikia nyenje jioni.

Mzee alisoma, akamtazama. "Nyenje walihama Ngana," alisema. "Miaka mingi sasa. Nadhani ni hizi dawa za mpunga."

Andongwisye alimgeukia Mansuri. Mzee aliuona uso wake. Akauliza, kwa sauti ambayo safari hii aliweza kuishusha:

"Bado wapo?"

Andongwisye akatikisa kichwa kwamba wapo. Nyuma ya pazia Felista aliuma ukingo wa kitenge.

Walipoondoka, Mansuri alimweleza Felista. Neno, alisema, lina nyama na mifupa. Nyama ni zile sauti nene, a na o na u, na hizo Mzee anazipata zote. Mifupa ni zile nyembamba, s na t na k, zinazotenganisha neno moja na jingine, na hizo kwake zimekufa. Watu wakimpigia kelele wanamwongezea nyama. Na kwenye kanda hii mvua imelala pale pale penye mifupa, kwa hiyo ukipandisha mifupa unapandisha na mvua.

"Sasa?" Felista akauliza.

"Sasa nitaishusha mifupa imfuate aliko."

Kila deki, alisema, ina skrubu ndogo kwenye mota. Ukiilegeza, kanda inakwenda polepole, na ikienda polepole kila sauti inashuka. Hata s hushuka. Akiishusha kiasi, itaangukia kwenye kishikio cha sita na cha saba, ambapo sikio la Mzee bado lina uhai. Hapo atapandisha. Kuanzia cha nane kwenda juu atazima kabisa, mvua na kila kitu, kwani Mzee hana cha kupoteza huko. Ngurumo ya chini ataikata. Yatakayobaki yatawachukiza watu wengine wote, lakini hayatatengenezwa kwa ajili yao.

Ilimchukua siku kumi na moja. Kila mchana soko lilipopoa alifunga dirisha la kibanda, akacheza kanda kutoka deki moja kwenda nyingine, mkono mmoja kwenye kitufe cha sauti. Ambwene alipozama alimwinua, na matone yalipoanguka kwa kishindo akateremsha, neno kwa neno, dakika ishirini na tatu. Umeme ulipokatika katikati alianza upya. Mara mbili alifika mwisho, akasikiliza, akafuta. Kinyakyusa chake hakikutosha kuelewa yote, lakini kuna mahali alielewa, akasimamisha kanda na kukaa kidogo. Felista alipopita kuuliza alimwambia tu kwamba inakwenda vizuri.

Alitoa kanda mbili. Kwenye moja aliandika WATU. Kwenye nyingine aliandika MZEE.

Kikao kilikaa Jumamosi, tarehe mosi Julai, mbele ya nyumba ya Ndandalo. Jua liliwaka na uwanja ulinuka kakao iliyoanikwa. Mansuri alikuja kwa baiskeli na deki moja, visikilizio, spika ndogo na betri ya gari. Felista aliwekwa nyuma ya nyumba, ila safari hii alisogeza kigoda hadi kwenye kona, akaketi mgongo ukiwa ukutani. Tusajigwe alisimama kwenye kona yenyewe, akiwa amevaa sketi ya shule kwa sababu nyingine ilikuwa imechanika.

Hezroni alisimama kabla chochote hakijawashwa. Alisema yeye si mtu wa kupinga maendeleo. Lakini hapa kuna fundi aliyekaa na kanda wiki mbili chumbani mwake. Mafundi hawa wanachanganya muziki, wanaingiza sauti ya huyu kwenye wimbo wa yule. Nani ajuaye kilichowekwa humo, na kilipiwa nini.

"Kibaba cha mchele," Mansuri akasema. "Na sikuweka. Nilitoa. Kanda ya marehemu mwenyewe hii hapa, haijaguswa. Kila utakachosikia kimo humu, chini ya mvua."

"Hayo unasema wewe."

Andongwisye aliamua Mzee asikilize kwanza, peke yake, na aseme kwa mdomo wake anachosikia. Kisha watu wasikie kanda yao walinganishe. Hezroni alikubali. Huenda alifikiri hakutakuwa na kitu cha kulinganisha.

Mansuri akaweka kanda ya MZEE. Kabla ya kuchomeka visikilizio aliiachia spika kidogo, watu wasikie ilivyo, na watu wakakunja nyuso. Ilikuwa sauti nzito, inayojikokota, kama ya mtu anayeongea ndani ya pipa. Mama mmoja akasema Bwana amsamehe marehemu, huyo si yeye. Mansuri akachomeka. Spika ikazimika.

Mzee Nsajigwa alikaa wima, mikono juu ya mkongojo. Mwanzoni hakufanya kitu. Kisha mkono wake wa kulia ukainuka wenyewe, kama alivyouinua kule mjini, ukabaki hewani.

"Tata," alisema. Watu walidhani anamwita mtu. "Tata, ni mimi. Anasema, tata, ni mimi, nimekaa kushoto kwako."

Akaendelea, neno baada ya neno, sauti yake ikifuata ile aliyoisikia peke yake. Anasema hawezi kuamka. Anasema mvua ni nyingi, nisije, nitaanguka. Anasema kakao ya juu amepanda yeye na mkewe, mashimo wamechimba wote wawili, ibaki kwake mpaka mtoto akue. Nyumba ibaki kwake. Asirithiwe ila akitaka mwenyewe. Mtoto asome. Anasema, baba, mtu akikuambia nimesema vingine, mwambie akupe kanda usikilize.

Kwenye kona Tusajigwe alikuwa ameshika ukuta kwa viganja vyote viwili. Hezroni alitazama chini, akipanga maneno, na mdomo wake ulikuwa umeshaanza kufunguka Mzee aliposhtuka kwenye kiti.

"Ng'ombe gani?" alisema.

Akasikiliza. Akamgeukia Mansuri na kumwonyesha kwa kidole arudishe nyuma. Mansuri akarudisha. Mzee akasikiliza tena, na safari hii hakuyasema maneno papo hapo. Alivua visikilizio, akaviweka magotini.

"Yule dume mwekundu aliyechukuliwa na mto Songwe," alisema. "Mwaka ule wa mafuriko, wanangu wakiwa watoto. Nilimchapa Hezroni mpaka fimbo ikakatika, na nikamnyima kuongea nami mwezi mzima. Ambwene anasema ni yeye. Anasema yeye ndiye aliyefungua kamba akamwacha dume aende mtoni, akaogopa, akanyamaza. Anasema Hezroni alijua ni yeye na hakumtaja. Anasema amebeba jambo hilo maisha yake yote, anaomba nimwambie kaka yake asante."

Isipokuwa Hezroni, hakuna mtu pale aliyewahi kusikia habari hiyo. Felista hakuijua. Ilisemwa wakati alipokwenda kumwaga beseni.

Andongwisye alimgeukia kaka wa marehemu. Kisha akasema, bila kejeli, "Hezroni. Ni ya fundi hayo?"

Hezroni alikuwa na umri wa miaka arobaini na sita, na alikuwa na mvi. Alikaa chini pale pale aliposimama, juu ya turubai la kakao, na punje zikalia chini yake. Watu waliona bega lake la kushoto likipanda na kushuka.

"Fundi hakuwepo mtoni," alisema.

"Basi ni ya nani?"

"Ya mdogo wangu."

"Yote?"

Hapo Hezroni alifuta uso kwa kiganja, akacheka kidogo kicheko kilichomtoka vibaya. "Mzee wa kanisa, nikatae shule nikubali ng'ombe? Yote."

Walicheza kanda ya WATU kwa ajili ya utaratibu. Ilikuwa safi. Mvua ilikuwa imerudi mbali, kama inayonyesha kijiji cha pili, na Ambwene alikuwa karibu, na kila sentensi ilikuja kama Mzee alivyoisema. Wanawake walilia, safari hii kwa furaha, kuliko walivyolia siku ya mazishi. Ilipofika habari ya dume Hezroni aliinuka, akaenda akasimama nyuma ya kiti cha baba yake, na Mzee, bila kugeuka, akampapasa mkono.

Kisha Mzee akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Aligeuza kiti kikaelekea nyumba, akasema na ukuta:

"Mkamwana. Nilitikisa kichwa siku ile bila kujua natikisia nini. Umesikia?"

Nyuma ya nyumba Felista alipiga magoti, akapiga makofi taratibu kama mwanamke anavyomjibu mkubwa wake. Makofi yale yalikuwa membamba mno kwa sikio lile.

"Amejibu?" Mzee akauliza.

Tusajigwe alitembea mpaka kushoto kwa babu yake, akainama, akasema polepole, "Amejibu, babu."

"Mwambie mimi ni mzee sasa. Mto umechukua vya kutosha. Mtoto aitwe jina lake. Namruhusu."

Mansuri alichukua debe lake jioni ile, akasema ndaga fijo, asante sana, kwa kila aliyempa mkono, na Hezroni ndiye aliyemsukumia baiskeli yenye mzigo hadi barabarani.

Tusajigwe aliripoti shule siku ya Jumatano. Mama yake alimsindikiza stendi ya Kyela, akamfungia tranka kwa kamba, akampa ndizi za njiani, na muda wote huo akamwita "Mama" kama kawaida. Basi liliposogea alikumbuka kwamba amesahau kumpa sabuni. Alikimbia kando ya dirisha, akapaza sauti, akamwita jina lake. Kondakta alipiga bodi, basi likasimama, na msichana akatoa kichwa dirishani, si kwa ajili ya sabuni, akamtazama mama yake kama mtu aliyesikia sauti ngeni.

Sasa Tusajigwe yuko kidato cha nne. Felista huvuna kakao mwenyewe, na hapiti mbele ya mkwewe mpaka leo. Kila Jumapili baada ya ibada Mzee Nsajigwa huvaa visikilizio na kusikiliza kanda yake mwanzo hadi mwisho. Betri hununua Hezroni.